Nyasi za Marungu zina wenyewe

Barabara inayopanda kutoka bandari ya Moba hadi Kirungu, kisha ikashika kusini kuelekea Pepa, inaliacha Ziwa Tanganyika chini, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, inapita miteremko yenye miombo, na hatimaye inatokea kwenye uwanda ambako miti imekoma. Hiyo ndiyo Milima ya Marungu, kusini mwa Kongo. Mto Mulobozi, unaomwaga maji yake ziwani kaskazini kidogo ya Moba, umeigawa sehemu mbili: ya kaskazini inafika mita 2,100, ya kusini mita 2,460. Huko juu zinazotawala ni nyasi, hasa za jenasi ya Loudetia, na miti imebanwa kwenye mikanda myembamba kando ya vijito. Mgeni akiulizwa ameona nini, aghalabu hujibu kwamba palikuwa wazi tu. Ramani nazo husema hivyo hivyo kwa lugha ya kitaalamu: eneo lisilo na msitu. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo ni kosa la uainishaji, na kosa lenyewe lina gharama. Uoto wa Marungu unastahili kupangwa na kupewa jina kwa mimea iliyomo, ya juu ya ardhi na ya chini yake. Kuupanga kwa miti isiyokuwapo ni sawa na kuuandikia wasifu wa jirani.

Tuanze na ukame, maana tukiziita nyasi hizi kavu wapo watakaouliza ukame uko wapi. Marungu hupata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekipokea kwa vigelegele. Lakini karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Miezi inayobaki mbingu zimefunga, na upepo wa uwanda wa juu unakausha hata kile kidogo kilichosalia ardhini. Udongo wenyewe kwa sehemu kubwa ni maskini, uliotokana na miamba ya kale mno ambayo rutuba yake ilishaoshwa zamani. Mmea unaoishi hapo hukutana na mambo matatu ndani ya mwaka mmoja: maji tele, kiu ya miezi mitano, na moto. Ukame wa namna hii haupimwi kwa jumla ya mvua peke yake, hupimwa kwa urefu wa kiangazi na kwa jinsi udongo unavyoshika maji. Wataalamu wa Ulaya wanaochunguza nyasi kavu za miteremko ya chokaa kule Karpati wanatumia neno hilo kwa maana iyo hiyo. Mvua kwao si haba, ila ardhi haina pa kuiweka.

Historia ya kuzipa jina nyasi hizi inaonyesha vizuri jinsi macho ya wataalamu yalivyovutwa na urefu. Mwaka 1956 wanabotania wanaofanya kazi Afrika walikutana Yangambi, kando ya Mto Kongo, wapatane majina ya aina za uoto wa bara zima, kwa sababu kila dola ya kikoloni ilikuwa na msamiati wake. Moja ya makubaliano yao linaigusa Marungu moja kwa moja: nyasi zinazofika sentimita 80 au zaidi na kuifunika ardhi mfululizo ziitwe savana, zilizo fupi kuliko hapo na zilizoachana ziitwe stepa. Kipimo hicho ni rahisi kutumia, na ubovu wake uko papo hapo. Loudetia ile ile inaweza kupita kiuno mwezi Machi bondeni, ikabaki magotini juu ya kilima chenye mawe, umbali wa kurusha jiwe tu. Tuseme ni uoto wa aina mbili? Waandishi wa mimea ya Katanga walilazimika kuzungumzia savana za kistepa, jina linalotaka kuwa huku na huku. Baadhi yao, akiwamo François Malaisse aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, walifanya jambo la busara zaidi: walichukua majina ambayo wenyeji wa kusini mwa Kongo walikuwa nayo tayari. Dilungu ni uwanda wa juu wenye nyasi, muhulu ni msitu mzito wa nchi kavu, mushitu ni msitu wa penye maji, dembo ni bonde la nyasi linalotuama maji. Majina hayo hayakutungwa kwa rula. Yamebeba habari ya udongo, maji na mahali, vitu ambavyo mmea wenyewe hauwezi kuvipuuza.

Frank White, katika ramani ya uoto wa Afrika iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983, aliona heri ayaweke kando maneno savana na stepa, akaigawa Afrika kwa spishi zinazopatikana kila kanda. Kwa hesabu yake, kanda ya Zambezi, ambayo ndiyo iliyoizunguka Marungu, ina spishi zisizopungua 8,500 za mimea, na zaidi ya nusu yake hazipatikani penginepo duniani. Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele. Bahati mbaya zama za setilaiti zilirudisha macho kwenye miti. Kwa fasili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta lenye miti inayoweza kufika mita 5, na matawi yake yafunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Shamba la mikaratusi iliyopandwa kwa mistari linaingia humo bila swali. Uwanda wa nyasi usio na miti, hata uwe na spishi mia ndani ya hekta moja, unaangukia kundi liitwalo ardhi nyingine, pamoja na mashamba, miji na majangwa. Huo ni uainishaji unaojua kuhesabu kitu kimoja tu.

Sasa tushuke chini, maana nyasi hazisomeki kwa mtu aliyesimama. Chukua mraba wa mita moja kwa mita moja katika nyanda hizi za juu za kusini mwa Kongo na jirani zake, mwishoni mwa Septemba, wiki chache baada ya moto kupita. Kwa mbali ni majivu na vishina vyeusi. Ukichutama unaona kwamba katikati ya kila shada la nyasi, pale maganda ya majani ya zamani yalipobanana, kuna chipukizi la kijani ambalo moto haukuligusa. Mbegu za Loudetia zilishajificha: kila moja ina unywele mrefu uliosokotwa, unaojinyonga na kujinyongoa kadiri unyevu unavyopanda na kushuka, na kwa kujizungusha huko huichimbia mbegu udongoni. Pembeni, Dolichos kilimandscharicus wa jamii ya kunde ametoa maua ya zambarau kabla ya jani lake la kwanza na kabla ya tone la mvua. Chakula cha kufanyia hivyo alikiweka akiba kwenye mzizi mnene tangu mwaka uliopita. Halafu kuna vijiti vyenye majani magumu, havizidi shibiri moja, ambavyo mtu angevidhania ni miche iliyodumaa. Ukifukua unakuta mti. Shina na matawi yote yamelala chini ya udongo, yametambaa mita kadhaa, na kinachotokeza juu ni ncha za matawi tu. Mmoja wao ni Parinari capensis, ndugu wa karibu wa mbura, ule mti mkubwa wa miombo ambao watoto huokota matunda yake. White aliiita misitu ya chini ya ardhi katika andiko lake la mwaka 1977, na kanda ya Zambezi ndiyo makao yake makuu duniani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miti hii iliyozama ilitokea mara nyingi, kila ukoo kwa njia yake, katika miaka milioni chache iliyopita, wakati nyasi zinazoshika moto zilipokuwa zinatanda Afrika.

Utajiri wa namna hii hauonekani ukiutafuta kwa kipimo cha msitu. Mwaka 2012 kundi la wanaikolojia likiongozwa na J. Bastow Wilson lilikusanya rekodi za dunia za wingi wa spishi za mimea kwa kila ukubwa wa eneo. Kwenye hekta moja hakuna anayeshindana na msitu wa mvua wa Ekwado, wenye spishi 942. Lakini ukipunguza eneo, ngoma inageuka. Kwenye mita moja ya mraba rekodi ni spishi 89, na zimetoka kwenye nyasi za milimani katikati ya Argentina. Kwenye moja ya kumi ya mita ya mraba, eneo ambalo trei ya chai ingelifunika, rekodi ni spishi 43 kwenye nyasi za Romania zenye ukavu wa kiasi. Sababu inaeleweka: mti mmoja wa msituni unachukua nafasi ambayo majani mia yangegawana. Hivyo kabla ya kuuliza mahali fulani pana spishi ngapi, ni lazima tuulize zimehesabiwa katika eneo la ukubwa gani. Jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kuutambua utajiri huu wa nyasi. Kitulo, uwanda wa nyasi katika nyanda za juu kusini ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sifa iliyoufikisha hapo ni maua yake: spishi 350 hivi za mimea, kati yake okidi zaidi ya 40 zinazoota ardhini. Ng'ambo ya ziwa kutoka Moba upo uwanda wa Ufipa, pacha wa Marungu kwa urefu na kwa sura. Marungu haina hifadhi inayolingana na Kitulo, na kutopangwa vizuri kwa uoto wake kumechangia, kwa kuwa hakuna serikali inayotenga eneo kwa ajili ya kitu ambacho kwenye orodha yake hakina jina.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote inasema kwamba nyasi za Marungu ni kovu. Palikuwa na msitu, watu wakaukata na kuuchoma, nyasi zikarithi. André Aubréville, bwana misitu wa Kifaransa, aliitetea picha hiyo kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu tabianchi na misitu ya Afrika ya tropiki, na tangu hapo imekuwa kama imani. Haistahili kudharauliwa, kwa sababu ina ushahidi. Kule Ndola, Zambia, majaribio ya kuchoma miombo yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha wazi kwamba vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake mikubwa na kujaa nyasi, huku vile vilivyokingwa kabisa na moto vikizidi kufunga na kuingiwa na miti ya majani mabichi mwaka mzima. Kwa hiyo moto unaweza kuufanya mwitu kuwa nyasi. Hilo halina ubishi. Swali ni kama ndivyo ilivyokuwa juu ya Marungu.

Hapa ushahidi unageuka. Kwenye kinamasi cha Kashiru, Burundi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Raymonde Bonnefille na mwenzake walisoma chavua iliyozikwa kwenye matope kwa miaka 40,000. Matokeo yao ya mwaka 1988 yanaonyesha kwamba wakati wa baridi kali ya zama za barafu msitu wa milimani ulirudi nyuma na nyasi zikatanda, maelfu ya miaka kabla ya jembe la kwanza kugusa nchi hizi. Nyasi za juu ya ziwa hili basi zilikuwapo, zikipanuka na kunywea na hali ya hewa. Madagaska inatoa ushahidi wa aina nyingine. Huko Loudetia simplex inatawala nyanda za kati, na kwa vizazi vingi watoto wa shule walifundishwa kwamba nyasi hizo ni matokeo ya moto wa mababu zao. Mwaka 2016 Maria Vorontsova na wenzake walihesabu spishi 541 za nyasi kisiwani, asilimia 40 hazipo popote pengine. Watu wamekaa Madagaska miaka elfu chache tu. Muda huo hautoshi kuumba spishi mia mbili. Na tukirudi kwenye mraba wetu wa Septemba, mti uliozika shina lake kwa mamia ya maelfu ya miaka hauwezi kuwa mvamizi wa jana. Moto nao si mgeni. Radi za mwanzo wa mvua huwasha nyasi bila msaada wa mtu, na mtu mwenyewe ni wa zamani hapa: kwenye maporomoko ya Kalambo, ncha ya kusini ya ziwa hili hili, magogo yaliyochongwa na kupachikwa kwa mikono yamepimwa na kukutwa na umri wa miaka 476,000 kwa uchache.

Lenye manufaa zaidi katika ubishi huu ni kwamba sasa tunacho kipimo cha kutenganisha nyasi za kale na nyasi za kovu. Nicholas Zaloumis na William Bond, kule Afrika Kusini, walilinganisha nyasi ambazo hazikuwahi kuguswa na zile zilizorudi baada ya mashamba ya misonobari kuondolewa. Kwa mbali zinafanana. Kwa karibu, zile zilizorudi zimekosa mimea yenye viazi, vitunguu na mashina ya chini ya ardhi, hata baada ya miongo. Uchambuzi wa Ashish Nerlekar na Joseph Veldman wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti za mabara kadhaa, ulifikia kwamba nyasi za kale zikishalimwa au kupandwa miti huhitaji karne moja kwa uchache, na mara nyingi zaidi milenia, kurudisha spishi zake. Kwa hiyo uainishaji unaofaa Marungu haupaswi kuanza na urefu wa nyasi. Uanze na kilichomo ardhini. Penye misitu iliyozama, okidi na mizizi minene, hapo ni nyasi za kale. Penye nyasi ndefu za Hyparrhenia peke yake juu ya shamba lililoachwa, hapo Aubréville ana haki yake, na miti ikirudi hakuna anayepoteza kitu.

Tukubali kwa muda kwamba hata nyasi za juu kabisa zimetengenezwa na mikono ya watu. Je, zingekosa thamani? Ulaya imejibu. Nyasi kavu za chokaa, ambazo mwanabotania Josias Braun-Blanquet na wenzake walizipanga katika tabaka la Festuco-Brometea, nyingi zimesimama mahali pa misitu iliyokatwa tangu zama za mawe, na zinaishi kwa sababu kondoo huzila na wakulima huzifyeka. Hata hivyo sheria ya makazi ya viumbe ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 imeziorodhesha kwa namba 6210, ikaweka kipaumbele cha juu penye okidi nyingi, na wakulima hulipwa ili miti isizifunike. Inashangaza kidogo kwamba bara linalolipa fedha kuzuia miti isiote kwenye nyasi zake ndilo lililotuachia wazo kwamba nyasi zetu zinangoja miti.

Wapo pia watakaosema kwamba tunu halisi ya Marungu imo kwenye misitu ya vijito. Wanamtaja chozi wa Prigogine, ndege mdogo aliyepewa jina la Alexandre Prigogine, mhandisi wa migodi aliyegeuka mtaalamu wa ndege. Makao ya ndege huyo duniani ni mikanda hiyo ya Marungu tu, naye yuko hatarini kutoweka. Wana hoja. Mikanda ile, yenye Parinari excelsa, Syzygium cordatum na Polyscias fulva, inakatwa mbao, na ng'ombe wanabomoa kingo za vijito wanakonywea. Lakini mkanda wa msitu wenye upana wa mita chache unategemea kinachotokea pande zake mbili. Maji ya kijito yanatoka kwenye uwanda, yamechujwa na mizizi ya nyasi. Moto unaoingia msituni unatokea kwenye nyasi, na ukali wake unategemea zimechomwa lini: ule wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, huzimika ukingoni, ule wa Septemba hupenya. Anayetaka kumwokoa chozi inambidi azijue nyasi.

Pingamizi la wanafalsafa wa mimea nalipita haraka. Tangu Henry Gleason aandike mwaka 1926 kwamba kila spishi huishi kwa mahitaji yake na kwamba jamii za mimea ni mikusanyiko ya bahati, wapo wanaoona majina ya Braun-Blanquet, yale yanayoishia na -etum na -etea, kuwa ni mchezo wa Kilatini. Pengine. Mipaka kati ya dilungu na miombo kweli haina ukuta. Lakini mwenye kugawa ardhi atagawa tu, jina liwepo lisiwepo, na kama wanabotania hawakumpa mipaka inayofuata mimea atatumia ile ya FAO.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi Kalemie na Moba, nalo halitoki kwa maprofesa. Katika jimbo ambalo watu wamekimbia vijiji vyao kwa vita, barabara zinakatika kila masika na hospitali zinahitaji dawa, nani ana muda wa kuhesabu majani? Jibu ni kwamba watu wa jimbo hili wanayahesabu kila siku, ila hakuna anayeandika. Mfugaji wa Pepa anajua nyasi ipi ng'ombe anaila Novemba na ipi anaikataa Februari. Akina mama wa Katanga wanajua kikanda, vile viazi vya okidi vinavyotwangwa pamoja na karanga na kupikwa hadi viwe kama keki inayokatwa vipande; biashara yake upande wa Zambia imekua hadi mamilioni ya viazi kuchimbwa kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuvushwa mpaka, kama Tim Davenport na Henry Ndangalasi walivyoripoti mwaka 2003. Kiazi kinachong'olewa ndicho mmea wenyewe, na bila kujua okidi zipi zinaota wapi hakuna namna ya kusema kipi kichimbwe na kipi kiachwe. Wavuvi nao wamo. Udongo ukitoka mlimani unaishia ziwani, na Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba matope yanayoingia Tanganyika hupunguza aina za viumbe kwenye miamba ya pwani, ambako samaki wengi wa ziwa hili huzaliana.

Kuna jambo la nne, na lina tarehe. Chini ya mpango wa AFR100, uliozinduliwa Paris mwaka 2015 kwa lengo la kurejesha hekta milioni 100 za ardhi ya Afrika ifikapo 2030, Kongo imeahidi hekta milioni 8. Penye misitu iliyoharibiwa, ahadi hiyo ni neema. Ila penye fedha za miti hutafutwa pa kuipanda, na pa rahisi ni pale pasipo na mashamba, pasipo na wenye hati, na ambapo ramani inasema ni ardhi nyingine. Mwaka 2019 Jean-François Bastin na wenzake walichapisha ramani ya dunia iliyodai kwamba kuna hekta milioni 900 zinazofaa kupandwa miti. Makumi ya wanasayansi walijibu katika jarida hilo hilo kwamba sehemu kubwa ya hekta hizo ni nyasi na savana za asili. Marungu ni aina hasa ya mahali ambapo ubishi huo unaweza kuamuliwa na mkandarasi mwenye miche, kabla hata mwanabotania hajafika.

Kazi inayotakiwa si ya gharama kubwa. Ni miraba ya ukubwa unaojulikana, iliyotawanywa kutoka miteremko ya Kirungu hadi kilele cha kusini, ikisomwa mara mbili kwa mwaka: Septemba au Oktoba baada ya moto, wakati mimea ya chini ya ardhi inapotoa maua, na tena Machi au Aprili, wakati nyasi zina masuke, kwa kuwa nyasi isiyo na suke hata bingwa huitambua kwa kubahatisha. Vielelezo vya zamani vipo. Bustani ya Mimea ya Meise, Ubelgiji, ina mamilioni ya mimea iliyokaushwa, na iliyokusanywa Kongo ina nafasi kubwa humo; mtafiti akumbuke tu kutafuta Baudouinville, jina la Kirungu enzi za Wabelgiji, la sivyo hatapata kitu. Wachimbaji wa kikanda waingie kwenye timu kwa malipo, maana wao huujua mmea hata wakati hauna jani.

Na kwenye kila mraba lichimbwe shimo. Nyasi za tropiki na miti hunyonya kaboni kwa njia tofauti, na tofauti hiyo hubaki kwenye udongo kwa maelfu ya miaka. Watafiti wameitumia tofauti hiyo huko Kongo-Brazzaville kujua ni savana zipi za pwani zilizowahi kuwa msitu. Udongo wa Marungu, tabaka kwa tabaka, utaonyesha miti ilisimama wapi na iliondoka lini. Ukionyesha kwamba uwanda wa juu ulikuwa msitu hadi karne chache zilizopita, basi sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa imeanguka na miche iletwe. Ukionyesha nyasi hadi chini kwenye mwamba, mwenye miche atafute mteremko mwingine.